Tumbaku ya Maji Haina Kipimo

Leo tuketi pamoja tuzungumze juu ya tumbaku. Sisemi ile ya kusokota kwenye karatasi, wala sigara ya pakiti inayouzwa mojamoja kando ya barabara. Nazungumzia tumbaku iliyogeuzwa kuwa maji.

Sababu ya kuchagua habari hii ni vijana wetu na simu zao. Dunia ya leo ina sigara ya umeme: kijiti chenye betri na waya mdogo unaopata moto, na ndani yake kioevu kinachogeuka mvuke mtu auvute. Kioevu hicho hutengenezwa viwandani, lakini huko Ulaya na Marekani wako watu wanaojitengenezea wenyewe nyumbani. Wanaloweka majani makavu ya tumbaku katika gliserini au kimiminika kingine, wanachuja, wanatia kwenye kijiti, wanavuta. Wanajisifu kwamba wamepata ladha halisi ya tumbaku kwa bei ndogo, na wanafundishana kwa video.

Kwetu hapa Baraka kijiti hicho bado si kitu cha kila siku. Lakini bidhaa zinazoanza kuonekana Bujumbura na Bukavu hushuka Uvira, na zikifika Uvira haziwezi kukosa njia ya kuja Baraka. Tumbaku yenyewe tunayo: inalimwa nyuma ya nyumba, inakaushwa darini, inauzwa sokoni. Gliserini ya kupaka ngozi iko dukani. Kijana mwenye simu na faranga chache anaweza kudhani kwamba hana anachokosa. Mimi nasema anakosa kitu kimoja kikubwa, nacho ni kipimo. Tumbaku ikishakuwa maji, hakuna mtu jikoni kwake anayeweza kujua ni sumu kiasi gani iko ndani ya chupa. Hilo ndilo neno langu la leo.

Tuanze na ziwa letu, maana habari hii si ngeni hapa. Mwezi wa pili mwaka 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji pamoja na Sidi Mubarak Bombay aliyewatafsiria. Mwezi wa nne walipanda mitumbwi wakaelekea kaskazini, wakapita Ubwari, ambayo Burton aliidhani kisiwa, hadi wakafika Uvira tarehe 26. Maji haya yanayotenganisha rasi ya Ubwari na mji wetu wa Baraka bado yanaitwa kwenye ramani Ghuba ya Burton.

Mwaka 1860 Burton alitoa kitabu cha safari ile, na ndani yake alieleza namna watu wa Ujiji walivyotumia tumbaku. Walikuwa na kijungu kidogo cha udongo au kibuyu, ndani yake majani ya tumbaku yameloweshwa maji. Mtu aliyakamua majani, akayavuta yale maji puani, kisha akaibana pua kwa vidole au kwa kibanio kidogo ili yasitoke haraka. Vibanio vya namna hiyo, vya Waha na vya Warundi, vimehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya Ulaya. Kwa hiyo kijana akikuonyesha kwenye simu yake kwamba Wazungu wamevumbua kuloweka tumbaku, mwambie kwa upole kwamba kwenye ziwa hili kazi hiyo ni ya kale.

Tujiulize sasa: ni nini kinachotoka kwenye jani na kuingia majini? Ni nikotini. Mwaka 1828 wanakemia wawili wa Kijerumani, Posselt na Reimann, waliitenga kutoka kwenye tumbaku huko Heidelberg, na tangu siku zile walijua kwamba ni sumu. Mmea haukuiweka nikotini kwa ajili yetu. Umeiweka ili wadudu wasile majani yake. Na nikotini huyeyuka majini kwa urahisi. Ukiloweka jani la tumbaku hutoka kama rangi inavyotoka kwenye majani ya chai.

Akina mama wenye bustani za lengalenga na kabichi mnalijua jambo hili kuliko mimi. Vidudu vikishambulia mboga, watu wengi huloweka tumbaku usiku kucha, asubuhi wananyunyiza, na wadudu wanakufa. Hiyo ni dawa ya kweli. Huko Marekani, kwa miaka mingi, dawa ya wadudu iliyotokana na nikotini iliuzwa madukani ikiwa na alama ya sumu. Basi kijana anayeloweka tumbaku ili aivute, na mama anayeloweka tumbaku ili aue vidudu, wanafanya kazi moja. Chupa zao mbili ukiziweka mezani bila alama, hutazitofautisha kwa macho.

Hapa mzee mmoja anaweza kunijibu: mwanangu, babu yangu alinusa tumbaku miaka sitini, akafa na uzee wake. Mzee wangu, nakuheshimu, na sikatai kwamba wako waliozeeka hivyo. Lakini tuangalie vizuri babu alikuwa na nini ambacho mjukuu wake hana.

Babu alikuwa na pua yake na koo lake. Tumbaku kali inachoma. Inatoa machozi, inakupigisha chafya, na ikizidi tumbo linageuka unatapika. Ule ukali na kile kichefuchefu ndivyo vilikuwa kipimo chake. Mwili ulisema basi, naye akaweka kibuyu chini. Hakikuwa kipimo kizuri, maana ugoro na tumbaku ya kutafuna vimewaletea watu wengi saratani ya kinywa, na kilichowakuta wengine hatukukiandika popote. Lakini kilikuwa kipimo.

Wazee walijua pia kuitia tumbaku majivu au magadi. Magadi hufungua nikotini iliyofungwa ndani ya jani, ikapita kwa haraka kwenye ngozi laini ya pua na ya mdomo. Ukali na nguvu viliongezeka pamoja, kwa hiyo aliyeongeza magadi alisikia mara moja amefanya nini.

Kioevu cha sigara ya umeme kinakwenda njia nyingine kabisa. Hapo nguvu inaongezeka huku ukali ukipungua. Mwaka 2015 kampuni moja ya Marekani ilianza kuuza kijiti kiitwacho Juul, ambacho nikotini yake ilichanganywa na asidi ya benzoiki ili mvuke uwe laini kooni. Mtu aliweza kuvuta nikotini nyingi bila kukohoa, na ladha za matunda zikaifunika kabisa. Watoto wa sekondari wa nchi ile walinaswa kwa maelfu. Mlinzi wa mlangoni, yaani koo, alinyamazishwa, na mwenye nyumba hakujua nani ameingia. Anayejichanganyia nyumbani kwa gliserini tamu na ladha naye ananyamazisha koo lake, tena bila mwanakemia wala mizani.

Maana tumbaku na tumbaku si sawa. Kuna aina mbili kubwa zinazolimwa duniani, na ile ndogo yenye majani mazito, ambayo wataalamu huiita Nicotiana rustica, inaweza kuwa na nikotini mara kadhaa ya ile ya kawaida. Hata katika shina moja, majani ya juu huwa na nikotini nyingi kuliko ya chini. Udongo, mvua na namna ya kukausha vyote vinabadilisha nguvu yake. Anayeloweka fungu la Jumamosi akapata kioevu hafifu, anaweza kuloweka fungu la Jumamosi inayofuata kwa namna ileile, kwenye chupa ileile, akapata kioevu chenye nguvu mara tatu. Jicho halitamwambia. Rangi haitamwambia.

Viwandani hupimwa kwa mashine, na bado serikali hazikuwaachia wenye viwanda wafanye wanavyotaka. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014, kioevu hakiruhusiwi kuzidi miligramu 20 za nikotini kwa mililita moja, chupa haizidi mililita 10, na kifuniko lazima kiwe cha namna ambayo mtoto hawezi kukifungua. Piga hesabu: chupa hiyo ndogo iliyojaa ina miligramu 200. Mvuta sigara ya kawaida huingiza mwilini miligramu moja au mbili tu kwa kila sigara. Kama chupa hiyo ndogo inaogopwa hivyo na watu wenye maabara, sisi tutakiitaje kioevu kilichochujwa kwa kitambaa na kuwekwa kwenye chupa ya soda?

Na hiyo chupa ya soda ndiyo inayoninyima usingizi. Nyumba zetu tunazijua. Chupa ya plastiki haitupwi. Leo ina maji, kesho mafuta ya mawese, keshokutwa mafuta ya taa. Mtoto wa miaka miwili akiona maji ya kahawia kwenye chupa ya soda, atakunywa, hasa yakiwa matamu. Na gliserini ni tamu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2014, katika jimbo la New York, mtoto wa umri wa mwaka mmoja alikufa baada ya kunywa nikotini ya maji iliyokuwa nyumbani. Kule kuna gari la wagonjwa na hospitali karibu, na bado mtoto hakupona. Fikiria mtoto huyo akiwa hapa kwetu, Kazimia, usiku, ziwa limechafuka na barabara imekatwa na mvua.

Sumu hii pia haingoji kunywewa. Inapita kwenye ngozi. Wanaovuna tumbaku mashambani, majani yakiwa na umande au mvua, hupata ugonjwa unaojulikana na madaktari katika nchi zote zinazolima tumbaku: kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, mwili kuishiwa nguvu. Hawakuvuta wala kutafuna. Walibeba majani mabichi kifuani tu. Kioevu kilichokolezwa kikimwagika mkononi kina nguvu kuliko umande wa jani.

Tuje kwenye mapafu, maana hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mtu anasema: gliserini tunapaka, ladha tunaweka kwenye keki, mafuta tunakula, kwa hiyo hakuna ubaya. Ndugu yangu, tumbo na pafu ni viungo viwili tofauti. Tumbo linasaga na kutoa. Pafu limeumbwa kwa hewa peke yake.

Nitawapa mifano miwili mnayoweza kuisimulia nyumbani. Wa kwanza ni wa mwaka 2000, jimbo la Missouri huko Marekani. Wafanyakazi wanane waliokuwa katika kiwanda cha bisi walipatikana na ugonjwa mbaya wa mapafu: vijia vidogo vya hewa vilikuwa vimeziba kwa makovu, na makovu hayo hayaponi. Uchunguzi ulielekeza kwenye ladha ya siagi iliyotiwa kwenye bisi, yenye kemikali iitwayo diasetili. Aliyekula bisi hakudhurika hivyo. Walioumia ni wale waliovuta mvuke wa ladha hiyo kazini siku baada ya siku. Baadaye wachunguzi waliikuta diasetili hiyohiyo katika vioevu vingi vya sigara ya umeme.

Wa pili ni wa mwaka 2019. Hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana wazima wa mwili ambao ghafla hawawezi kupumua. Kufikia Februari 2020 waliolazwa walikuwa 2,807, na waliokufa walikuwa 68. Madaktari walipochunguza maji ya mapafu ya wagonjwa 51, katika 48 kati yao walikuta mafuta ya vitamini E. Vitamini hiyo tunaimeza kama kidonge na tunaipaka usoni. Wachanganyaji wa mitaani waliitia kwenye kioevu cha bangi ili kionekane kizito. Wengi wa wagonjwa walikuwa wamenunua kwa marafiki au kwa wauzaji wasio na kibali. Mtu aliyechanganya hakutaka kuua. Alidhani kitu kinachofaa ngozi kitafaa pafu.

Anayeloweka jani zima ana tatizo jingine juu ya hayo. Jani la tumbaku halitoi nikotini na harufu nzuri peke yake. Lina sukari, lina nta, lina kemikali zinazoleta saratani ambazo hutokea wakati jani linapokaushwa na kuvundikwa, na kama lilipuliziwa dawa shambani, dawa hiyo nayo imo. Kitambaa cha kuchujia kinazuia vumbi, lakini yaliyoyeyuka yote yanapita. Sukari ikifika kwenye waya wa moto inaungua, na moshi wake unaingia kifuani.

Nataka niwe mkweli kwenu kwa upande wa pili pia. Sigara ya kawaida ni mbaya sana. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka vinavyotokana na tumbaku. Mchina aliyetengeneza sigara ya umeme ya kisasa mwaka 2003, mfamasia Hon Lik, alikuwa mvutaji mwenyewe, na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Alikuwa anatafuta njia ya kutoka. Na kule Uingereza madaktari huwaruhusu wavutaji watu wazima kutumia sigara ya umeme ili waache ya moshi. Lakini hapo wanazungumzia bidhaa iliyopimwa, kwa mtu mzima aliyekwisha kunaswa. Kuchukua mfano huo na kumpa kijana wa miaka kumi na sita ambaye hajawahi kuvuta, pamoja na chupa iliyotengenezwa jikoni, ni kumpotosha.

Majirani zetu wameiona hatari hii. Uganda, kwa sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, ilipiga marufuku sigara ya umeme pamoja na shisha. Kenya na Rwanda zilipiga marufuku shisha mwishoni mwa mwaka 2017. Kongo yetu iliridhia mwaka 2005 mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku. Karatasi zipo. Lakini sisi tunajua kwamba kutoka karatasi ya Kinshasa hadi soko la Baraka ni mbali, kwa hiyo ulinzi wa kwanza lazima utoke nyumbani.

Basi tufanye nini? Nianze na la haraka, na naomba mwenye kalamu aandike. Mtu akimwagikiwa na maji ya tumbaku, avue nguo iliyolowa na kuosha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, usimpe mafuta ya mawese wala maziwa ukidhani yataua sumu. Mchukue mbio kituo cha afya kilicho karibu, na uibebe ile chupa ili muuguzi aione. Dalili ni hizi: mate kumtoka mengi, jasho, kutapika, kutetemeka, moyo kwenda mbio, baadaye mwili unalegea, degedege linaweza kuja, na pumzi inakwisha. Usingoje dalili zitimie.

Mama mwenye bustani, sikukatazi dawa yako ya wadudu, maana najua bei ya dawa za dukani. Lakini iloweke kwenye chombo ambacho hakitarudi jikoni kamwe, kiweke juu mahali pa kufungwa, inayobaki baada ya kunyunyiza usiiweke, na mboga uliyoinyunyizia usiichume upesi. Mwenye mimba asiiguse kabisa.

Mzee unayenusa, wewe ndiye mwalimu bora kuliko mimi. Ukimwona mjukuu anakuomba majani, muulize ya nini. Mweleze siku tumbaku ilipokuzidi ulijisikiaje. Neno lako litamfika kuliko la redio.

Na wewe kijana, yaya na mdogo wangu, nakusemesha bila kukudharau. Najua kazi ni haba, najua siku ni ndefu, na najua kwamba kutengeneza kitu kwa mikono yako kunatia heshima. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, umkate ajifunze. Methali hiyo haifai hapa. Jeraha la wembe linapona na mtoto anabaki na funzo, lakini pafu lililojaa makovu halirudi, na nikotini ikimshika kijana kabla ubongo wake haujakomaa inamfanya mtumwa kwa miaka mingi. Kama unavuta na unataka kuacha, nenda kazungumze na muuguzi. Tafuta rafiki mmoja mwache pamoja, na pesa ya sigara iwekeni kwenye likelemba. Hiyo ni njia ngumu, lakini kila hatua yake unaijua.

Wakuu wa vijiji, wachungaji, mashehe, walimu na wenye maduka, msingoje mgonjwa wa kwanza. Waulizeni vijana sasa, wakati kijiti bado ni kigeni na chupa bado ni chache. Na kila mwenye nyumba anayenisikia, kabla ya kulala leo, aangalie chupa zilizo rafuni na chini ya kitanda. Isiyo na jina na asiyoijua ina nini, aimwage ndani ya shimo mbali na kisima na mbali na ziwa, aitoboe chupa yenyewe isitumike tena.

Mungu awalinde watoto wetu, nasi tufanye sehemu yetu.